Kitambaa cha Mwaka Jana

Katika mbio za kila mwaka za msitu mmoja wenye maziwa madogo ya maji, mtu mmoja hukimbia nyuma ya wote, akifungua vitambaa vyekundu vilivyofungwa kwenye matawi kuonyesha njia. Mwaka huu Sikudhani aliiomba kazi hiyo mwenyewe.

"Utaiweza?" aliuliza Kalunde, aliyeifanya miaka yote. "Mwaka jana nilikutoa humu nimekubeba mgongoni."

"Ndiyo maana naitaka, kaka."

Alikimbia taratibu, akifungua na kutia mfukoni, hadi kwenye mteremko wa ziwa la pili. Pale ndipo alipoanguka mwaka jana. Kwenye tawi palikuwa na vitambaa viwili: kimoja chekundu, kingine kimepauka kwa jua na mvua.

Alikishika kile kilichopauka. Kalunde hajawahi kuacha hata kitambaa kimoja msituni. Siku ile tu mikono yake ilikuwa na mzigo mwingine.

Sikudhani alifungua kile chekundu. Cha zamani akakikaza fundo vizuri, akakiacha pale pale. Mbele, mkimbiaji wa mwisho alikuwa akikanyaga majani makavu, naye akaifuata sauti hiyo.