Vyako Kwanza

Kitanda kiligoma kupita mlangoni. Wachukuzi walikilaza ubavu, wakakisimamisha, mwishowe wakakifungua miguu. Zahoro alibaki uani akiwaelekeza kwa mkono.

"Ingia basi uone chumba chetu," mkewe, Mwanamkuu, alimwambia.

"Hapa panatosha."

Ni aibu, Mwanamkuu aliwaza, na moyo ukamuuma kwa ajili yake. Mtu mwenye nyumba ya vyumba sita kule Mlandizi, leo anapanga chumba kimoja juu ya kilima cha Kisarawe, tena uani kwa watu. Na yote hayo aliyaleta Husseini, mdogo wake Zahoro, aliyezuka kudai nyumba ya urithi baada ya kula ugali wa shemeji yake tangu akiwa hajaota ndevu. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Zahoro alimpa habari hizo alipotoka kuswali Ijumaa. Mwanamkuu hakubisha. Alisema chumba kimoja chenye amani kinashinda vyumba sita vya ugomvi, akaanza kufunga mizigo. Tangu usiku huo mumewe alilala barazani, akisingizia joto. Mwanamkuu alimwacha, mwanamume akiumia hutaka kukaa peke yake.

Tena, katika kufunga mizigo aliona mapenzi ambayo hakuyaona siku nyingi.

"Chumba ni kidogo," Zahoro alisema. "Tuchukue vyako kwanza."

Kitanda alichopewa na mama yake, sanduku la kanga, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, hata matetea yake, vyote Zahoro alivisimamia mpaka stesheni ya Ruvu. Vyake mwenyewe hakugusa hata kofia. Waume wangapi wangefanya hivyo? Mwanamkuu aliona fahari, akatamani majirani waone.

Husseini aliwafuata stesheni, macho mekundu.

"Shemeji, nisamehe. Mimi nimesema weee, kaka hasikii."

"Mungu atakulipa," Mwanamkuu alimjibu, akampa kisogo.

Ndani ya treni, mpaka waliposhuka Pugu, alimlaani Husseini na kizazi chake. Zahoro alitazama dirishani, hakumtetea ndugu yake wala kumshutumu.

Sasa kitanda kilikuwa kimeingia na wachukuzi wameondoka. Zahoro alimkabidhi mwenye nyumba, Bi Mwanne, mchele na unga, akanong'ona naye kidogo penye kisima. Kisha akaja mpaka karibu na mlango.

"Nakwenda msikitini."

"Usikawie. Napika kisamvu cha nazi, kile ukipendacho."

"Kaa salama, Mwanamkuu."

Miaka yote alimwita "mwenzangu". Kusikia jina lake mwenyewe kinywani mwa mumewe kulimfanya acheke peke yake kama mwari, akaona pengine hiki chumba kidogo kitawarudisha walikotoka. Akakuna nazi kwa nguvu mpya.

Magharibi iliadhiniwa, watu wakaswali, wakarudi makwao. Kisamvu kilikuwa kimeiva. Mwanamkuu alikuwa ametandika kitanda kwa shuka la arusi na kuweka mito miwili, naye amejifukiza udi, ndipo Bi Mwanne alipopiga hodi na kibatari mkononi.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu." Mama yule alitazama sahani mbili mkekani, akatazama mito. "Una mgeni?"

"Si mgeni, mama, ni mume wangu. Namngoja atoke msikitini."

Bi Mwanne aliweka kibatari chini, akaketi taratibu ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono.

"Mwanangu, chumba hiki mimi huwapa wanawake wanaokaa eda tu, na mwanamume halali humu. Aliyekuleta ameniambia yako imeanza Ijumaa."