Zimwi Bichi

Asubuhi nzima Bi Mwanapili hakutulia. Alikanda gundi ya mafundi bomba, ile ya vipande viwili vinavyochanganywa hadi rangi ziwe moja, amfinyangie mjukuu wake Tunu zimwi la kuondoka nalo. Siku hiyo Tunu alikuwa anahamia mji wa mbali pamoja na wazazi wake. Kiunzi cha waya kilikuwa tayari, lakini mara mbili bibi alisahau kulowesha vidole, uso wa zimwi ukabanduka na kumganda gumbani, akaanza upya.

"Bibi, mbona lina jicho moja?" Tunu aliuliza, amemwegemea begani.

"La pili lililiwa na zimwi mwenzake. Usinisukume, mwanangu."

"Mama, gari limejaa, wanatungoja sisi tu!" mkwewe aliita kutoka nje.

Bi Mwanapili akapachika pembe ya mwisho. "Lishike miguuni. Bado bichi, mpaka saa nzima ipite ndipo liwe jiwe."

Tunu akalidaka kwa pupa. Alipofumbua kiganja, tumbo la zimwi lilikuwa limebonyea, na alama ya kidole gumba chake imekaa pale, mistari yote ikionekana.

"Nimeliharibu, Bibi!"

"Hujaliharibu. Liache hapa mezani likauke. Ukija utalikuta."

Honi ikalia tena. Wakaondoka.

Bi Mwanapili akarudi mezani mbio. Gundi ilikuwa inaanza kukaza. Akachovya kidole majini ili alisawazishe lile tumbo, akakipeleka hadi juu ya alama ya Tunu, kikasita hapo, tone la maji likining'inia nchani.