Mpaka wa Ngome

"Bi Zuwena, mbona umemwacha shemeji yako apande mahindi kwenye shamba lako?" Levina, jirani yake, alimwuliza mwezi wa Desemba.

"Apande tu. Na mbolea aweke."

Levina akaguna. Kijiji kizima cha Itetemia kilijua habari ile. Mume wa Zuwena alipofariki, Zuwena alikaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki. Kati ya shamba la marehemu na la mdogo wake, Majidi, palikuwa na masalia ya ngome ya enzi za misafara ya kwenda pwani: mstari wa mawe usiofika hata magotini, wenye kona moja. Huo ndio uliokuwa mpaka. Eda ilipokwisha, Zuwena alikuta mkokoteni umeyabeba mawe yote, na Majidi amelima mpaka karibu na mlango wake.

"Utapigwa na butwaa siku moja umelimiwa hadi jikoni," Levina akasema.

"Marehemu alipanda karanga kandokando ya mawe yale mwaka mmoja," Zuwena akasema taratibu. "Zilikauka. Hakurudia."

Wazee wa baraza la ardhi walitaka kuja kukagua mpaka Januari. Zuwena akaomba waje mwisho wa Februari. Majidi akatangaza barazani kwamba mjane ameogopa.

Februari ilipofika, mvua ilikatika wiki tatu. Zuwena aliswali adhuhuri, akafunga vizuri mtandio wake, akawapokea wazee shambani.

"Haya shemeji, tuonyeshe hiyo ngome," Majidi akasema. "Au nayo imefuata msafara Bagamoyo?"

Wazee wawili wakacheka. Mwenyekiti wa baraza, Mzee Octavian, hakucheka.

"Mama, jiwe silioni. Bila mpaka, shamba hili unalipoteza leo. Una shahidi?"

"Ninaye. Shemeji kamtunza mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Mkokoteni haubebi msingi, mzee wangu. Pandeni pale kwenye kichuguu."

Wakapanda, Majidi akiwa nyuma yao.

Chini yao mahindi yalikuwa bado ya kijani, yamenawiri kwa mbolea. Ila katikati yake ulipita mstari mmoja wa mahindi yaliyokauka, mwembamba, umenyooka toka barabarani mpaka kisimani, kisha ukakata kona.

Majidi aliutazama. Akashuka kichuguu, akapita katikati ya mahindi yake, akauvuka ule mstari kwenda upande wa kwake.