Milio ya Uzio

Siku ya nne tangu kimbunga kipite mji wetu wa Utuado, kompyuta ya Nereida, mke wa kaka yangu, ilikuwa inakula betri ya gari langu. Kaka yangu, aliyepanda mlimani na redio yake kutengeneza mnara wa simu, alikuwa hajasikika bado.

"Nereida, shemeji, kula kidogo," nikamwambia.

"Kula wewe, una tumbo la watu wawili."

Programu ya redio Nereida aliiandika mwenyewe. Inasikiliza masafa yote kwa mpigo na kufuta kelele bila kuambiwa. Pembeni mwa skrini namba ya kelele zilizofutwa ilikuwa inapanda: 3,118. 3,119.

"Hizo nini?"

"Milio ya uzio wa umeme wa ng'ombe wa jirani. Niliifundisha programu iifute."

Kidole chake, kucha imetafunwa mpaka nyama, kikaganda juu ya kipanya.

"Shemeji, umeme umerudi lini?"

"Umeme gani? Mji mzima ni mishumaa."

Akazima ule ufutaji. Spika ikatoa: tik. Tik. Tik.

Akashika maikrofoni. "Mume wangu, kama huwezi kusema, bonyeza kitufe cha redio mara mbili, haraka."

"Na kama ni ng'ombe," nikasema, "endelea na majani." Hakucheka mtu.

Milio ikakoma. Kisha: tik-tik.

Nilipogeuka, Nereida alishavaa viatu.