Dakika Kumi na Moja

"Mwalimu, dakika mbili zimeisha. Nani ananipokea?" msimamizi wa kiwanda aliuliza, mikono ikiwa bado juu ya kifua cha mwanasesere wa mazoezi.

Kanuni naijua, mimi ndiye ninayefundisha huduma ya kwanza hapa chuoni: kila dakika mbili, mbonyezaji hupokewa. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameshapiga magoti. Nikamrudisha nyuma.

"Endelea, bosi. Bonyeza thelathini, kisha pumzi mbili."

Akaendelea. Jasho likamtiririka puani, likadondokea ule uso wa plastiki. Kila alipobonyeza sawasawa, kifua kililia tik. Dakika ya sita, tik zikaanza kupotea. Ya nane, viwiko vikaanza kumkunjika.

"Mwalimu, utaniua. Mpaka lini?"

Mtenda akitendewa hudhani kaonewa.

"Mpaka kumi na moja." Nilichuchumaa, tukatazamana. "Kaka yangu alipoanguka kiwandani kwako, uliwakataza wenzake wasimguse mpaka ambulensi ifike. Ilichukua dakika kumi na moja."

Akaondoa mikono.

"Nani kakwambia uache?" nikamwambia. "Bonyeza. Huyu bado hajafa."