Maswali Sita ya Mkaguzi

Katika China ya kale, enzi ya Han, mkaguzi wa mkoa alilipwa vipimo mia sita vya nafaka kwa mwaka. Gavana aliyekaguliwa naye alilipwa elfu mbili. Harun alikuwa akikariri hayo tangu alfajiri, na sasa alisimama mbele ya mlango wa Mutuku, msaidizi wa profesa wake, akiyanong'ona kama mtu anayesali.

Insha aliyokuja kuhojiwa ilikuwa na jina lake, lakini hakuiandika yeye. Wiki aliyopaswa kuiandika, baba yake alizikwa kwao Nkubu, Kenya, naye akayatazama mazishi kwenye simu akiwa Louisville, Marekani, kwa sababu nauli hakuwa nayo. Hakumwambia mwalimu yeyote. Aliona haya kuomba huruma.

Dada yake Makena, muuguzi kule Columbus, ndiye aliyemwonyesha mtandao wa insha za kununua. Kulikuwa na mwandishi mmoja huko, alisema, hataji jina, lakini hajawahi kumwangusha mtu. Harun aliipokea insha, akaituma chuoni bila kuisoma sawasawa. Profesa aliisoma sawasawa. Akaona haifanani na Harun anayemjua.

Profesa alikuwa mjini Buffalo kwenye mkutano. Angerudi kesho asubuhi amhoji mwenyewe, lakini kwanza Mutuku amhoji na kuandika ripoti. Muhula uliopita wanafunzi wawili walifukuzwa kwa ripoti ya Mutuku. Kwa Harun kufukuzwa kulikuwa na maana moja tu: visa imekwisha, arudi mikono mitupu kwa mama mjane ambaye kila Jumapili aliwaambia wenzake kanisani kwamba mwanawe yuko mwaka wa mwisho. Aliogopa kwamba aibu hiyo ingemuua, na si kwa mfano.

Makena alimshauri kwa simu aungame. Yule ni Mkenya mwenzetu, alisema, atakusitiri. Harun hakuwa na hakika. Mkenya mwenzako ndiye anayejua uongo wako unavyotembea.

Chumba cha Mutuku kilikuwa chini kabisa ya jengo, jirani na mitambo ya joto. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, na juu ya vitabu vyake palikuwa na nusu mkate wa jana. Hakutabasamu. Alifunga mlango kwa ufunguo, akasema atauliza maswali sita, kwa kuwa hata wale wakaguzi walipewa mambo sita ya kuchunguza, si zaidi. Insha ilikuwa mezani, imefunikwa, na hakuifunua.

Mikoa ilikuwa mingapi? Kumi na mitatu. Wakaguzi walizunguka mwezi gani? Wa nane. Walimchunguza nani? Magavana, na matajiri waliowanyang'anya wanyonge mashamba. Harun alianza kupumua.

La nne lilikuwa hili: kwa nini Mfalme Wu alimtuma mtu mdogo akamkague mkubwa?

"Kwa sababu mdogo hana cha kupoteza," Harun alijibu, neno kwa neno kama ilivyoandikwa.

"Na njaa je? Mwenye mshahara mdogo haoni njaa?"

Hilo insha haikulisema. Harun alikiri kwamba hajui, na Mutuku akaguna tu, akaendelea.

La tano ndilo lililomvunja. Aya ya tatu inasema Mfalme Wu aliwaweka wakaguzi mwaka 160 kabla ya Kristo. Mwaka huo Mfalme Wu alikuwa hajazaliwa. Imekuwaje? Mfa maji haachi kutapatapa; Harun akasema aliona hivyo kitabuni. Kitabu gani? Hakumbuki. Cha nani? Hakumbuki.

"Swali la sita," Mutuku alisema. "Hii paper iliandikwa na nani?"

Harun akalia. Alilia kama ambavyo hakulia siku ya mazishi, na katikati ya kwikwi akasema yote: baba, simu, mtandao, mpaka jina la dada yake, ambalo hakuulizwa.

Mutuku alimwacha amalize. Kisha akauliza taratibu kama anamjua huyo mwandishi.

"Simjui, mwalimu. Hata Makena hamjui."

"Mliyoandikiana, umemwonyesha mtu?"

"Nilifuta kila kitu."

Mutuku alijifunika uso kwa viganja. Harun alingoja hukumu yake. Alikwisha kuanza kupanga maneno atakayomwambia mama.

"Umeungama upesi sana," Mutuku alisema mwishowe. "Prof akikuuliza hivi kesho, hutamaliza dakika tano. Futa machozi. Tunarudia kutoka swali la kwanza."

Harun hakuelewa. Aliuliza kwa sauti ndogo aseme nini juu ya ule mwaka.

"Sema ni 106, ulipindua tarakimu. Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ile nilikuwa na paper zingine tatu za kuwaandikia watu, usingizi ukanishinda."