Trekta ya Mzee Kosgei

Chini ya rangi nyekundu kulikuwa na nyekundu nyingine iliyopauka, na kati ya hizo mbili kulikuwa na jina la mtu.

Njuguna ndiye aliyeliona kwanza. Fundi huyo wa makamo alikuwa ametoka Nakuru hadi Mau Narok kuitambua trekta na kuikadiria bei kabla haijauzwa. Alikuwa amekwisha kuizunguka, akasikiliza injini, akagonga boneti, akasema ni Massey ya zamani, mashine safi ambayo haijachezewa. Kibati cha namba tu ndicho kilichokuwa kimefunikwa na rangi. Akachovya kitambaa katika petroli, akasugua. Kisha mkono wake ukapita juu ya madigadi ya nyuma, akahisi maandishi chini ya rangi, akasugua na hapo.

"Boss, hebu kuja uone."

Kiplimo akainama. Herufi zilikuwa zimechorwa kwa brashi, nyeupe, zimefifia: MATHENGE.

"Mzee wako alikuwa anaitwa nani tena?" Njuguna akauliza.

"Kosgei."

Fundi akakunja kitambaa chake polepole.

Kosgei alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kurudisha hata kuku wa jirani aliyepotea. Tangu afariki, trekta ilikuwa imesimama tu kwenye banda, ikiota kutu, na nyonga ya mama ilikuwa imefika mahali pa kupasuliwa. Ndipo Kiplimo alipoomba ruhusa kazini kwake, kwenye shamba la maua Naivasha, akaja kuiuza. Alidhani mama angekataa. Mama alimjibu bila kuinua macho, "Uza. Trekta ni yako. Mimi sidai hata spana yake."

Lakini sasa alikumbuka jambo ambalo hakuwahi kulitilia maanani. Mzee alilima mashamba ya watu kila upande wa Mau Narok, ila hakukubali hata siku moja trekta hiyo ishike barabara ya Molo.

"Nilimjua Mathenge mmoja," Njuguna akasema hatimaye. "Alikuwa akilima ngano huku juu. Mwaka wa tisini na mbili, vita vya kikabila vilipochacha, alitoroka kwa miguu kupitia msituni. Tulimpokea kanisani kwetu Elburgon, hiyo barabara ya Molo, kifua kimeshikana. Hakumaliza mwezi. Mpaka anakata roho alikuwa anasema tu arudishwe Mau Narok, ameacha chake huko. Watu walisema ni trekta; mimi nilikuwa kijana, nikashangaa. Mtu anakufa akililia trekta?"

Akamtazama Kiplimo kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina lililomtoka.

"Bei siwezi kukupatia leo," akasema. "Ongea na mama kwanza."

Akakusanya vyombo vyake, akaingia kwenye pikapu yake, akaondoka bila kudai hata nauli.

Kiplimo alibaki ameegemea gurudumu. Vita hivyo hakuvijua; vilimkuta akiwa mtoto mchanga. Alivisikia tu shuleni, watoto wakitaniana kuhusu baba zao: huyu alileta mabati, yule alileta ng'ombe. Yeye alikuwa akitembea kifua mbele. Baba yake hakugusa cha mtu.

Akaingia jikoni. Mama yake, Cheptoo, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi.

"Mama, baba alimpora Mathenge?"

Kisu kikasimama.

"Nani amekutajia jina hilo?"

"Liko kwa madigadi. Fundi ameliona."

Mama akashusha pumzi. "Nilimwambia apake mara mbili."

"Kwa hivyo ni kweli!" Sauti ya Kiplimo ikapanda, na hakujali kwamba alikuwa hajawahi kumpaazia mama sauti. "Nimelishwa na mali ya wizi. Nimesomeshwa nayo! Na mwenyewe alikufa, unajua? Alikufa kanisani kama maskini, akiomba arudi aichukue. Mimi siiuzi tena. Kesho naenda kutafuta watu wake niwarudishie."

"Kaa chini, mwanangu."

"Sikai."

Mama hakumsihi. Alifuta mikono kwa leso, akaanza kusema akitazama moto.

"Kosgei hakuiba kitu. Mathenge aliileta hapa mwenyewe, asubuhi mapema, moshi ukipanda kule kwao ng'ambo. Walikuwa marafiki hao, hata mbegu walikuwa wakiazimana. Akamwomba amtunzie mpaka hali itulie. Vijana walipokuja na viberiti, Kosgei akasimama hapo nje akawaambia kila kilicho katika boma hili ni chake, na anayetaka kuchoma aanze na yeye. Walipoondoka ndipo akatafuta rangi."

Kiplimo akajikuta ameketi. Hasira ilikuwa imemtoka ghafla, ikaacha mahali pake aibu.

"Sasa mbona hamkuirudisha vita vilipoisha?"

"Tulisikia Mathenge amekufa."

"Alikuwa na ndugu, mama. Alikuwa na jamaa."

"Alikuwa nao. Tuliogopa."

"Mliogopa nini? Mtu anaogopa kurudisha trekta?"

Cheptoo akageuka kutoka kwenye moto, akamtazama.

"Trekta ilimfikisha tu. Kilichomleta kilikuwa mtoto mwenye homa, mamake amezikwa wiki hiyohiyo, na baridi ya msitu ingemmaliza. Nilikupokea hapo mlangoni ukiwa umefungwa ndani ya koti lake, hata jino moja hujaota."